Sababu Alizozisema Jumbe Njiku, na Alizozinyamazia

Kwa miaka ishirini na saba nililipwa kwa kusema maneno ya watu wengine. Nilikuwa mkalimani wa boma la Singida, enzi za Mwingereza. Mkuu wa wilaya, ambaye sisi tulimwita Bwana Shauri, akisema jambo, mimi nalisema kwa Kinyaturu au Kinyiramba. Mwananchi akijibu, jibu nalirudisha kwa Kiingereza. Baba yangu alikuwa Mnyiramba wa Kinampanda na mama yangu Mnyaturu wa Mtinko, kwa hiyo lugha hizo mbili nilizipata bure nyumbani. Kiingereza nilikipata shule ya misheni, na hicho nilikilipia kwa makalio.

Ninyi vijana mnaoanza kazi za ofisi mmeniomba niwaeleze kazi yetu ilikuwaje. Nitaeleza, ila msinidai miaka na tarehe. Nitasema yanavyonijia.

Aliyenifundisha ni Mzee Feruzi, mkalimani aliyenitangulia, mtu mfupi mwenye sikio moja bovu, ambaye aliwatafsiria Wajerumani kabla ya kuwatafsiria Waingereza. Siku ya kwanza hakunifundisha neno hata moja. Alinifundisha kusimama. "Kaa nyuma ya bega la kushoto la mkubwa," aliniambia. "Usimtazame usoni, utaanza kumwogopa. Tazama koo. Koo likipanda, jua maneno yanakuja." Aliniambia pia nisile karanga kabla ya baraza, zinakausha mdomo. Na mtu akitukana, nitukane vile vile alivyotukana; akilia, nisilie. "Usiongeze chumvi wala usipunguze. Wewe si mpishi."

Basi mwezi wangu wa pili tu nikaharibu. Bwana Shauri wa wakati huo alijua Kiswahili cha kitabuni, lakini akiwa na jambo zito moyoni alirudi kwenye Kiingereza chake. Tulikuwa Mtinko, wanawake wamemwimbia vizuri, naye akasema neno moja la Kiingereza ambalo maana yake ni kuguswa moyo, na tena maana yake ni kuhamishwa. Mimi nikakamata hiyo ya pili. Nikatangaza kwa sauti kubwa: "Bwana Shauri anasema amehamishwa!" Watu waliruka. Vigelegele vilipigwa mpaka ng'ombe wakakimbia. Na yeye, maskini, alifikiri wanafurahia jinsi alivyoguswa, akavua kofia akawapungia, ndipo vikazidi. Mzee Feruzi aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia nisirudi kusahihisha, maana aibu ingekuwa kubwa kuliko kosa.

Lakini leo sikukaa kuwachekesha. Nataka kuwasimulia juu ya Jumbe Njiku.

Njiku alikuwa jumbe wa upande wa Mtinko, mtu mrefu, wa miaka arobaini na kitu, mzito wa kusema. Kiswahili alikijua sana. Nilikuwa nikimsikia mwenyewe akiongea dukani kwa Mzee Jivan, Mhindi wa mjini aliyeuza shuka na mafuta ya taa. Lakini akiingia kwa Bwana Shauri, Kiswahili chote kilimtoka. Alisema Kinyaturu tu. Nilichukua muda kuelewa. Wakati mimi nahangaika kutafsiri, yeye alikuwa amekaa kimya anafikiri jibu la swali ambalo ameshalielewa kitambo. Wakati wa kufikiri alikuwa anaupata kwangu. Kwenye kazi ile sikuwahi kumwona mwingine mwenye akili ya namna hiyo.

Vita vya pili vya Wazungu vilipopamba moto ikaja amri kwamba kila jumbe atoe vijana waende jeshini. Njiku aliandikiwa vijana ishirini. Tulikwenda kwake kufanya baraza, uwele ukiwa umeshavunwa, na watu walikuja wengi kuliko siku ya kodi. Wanaume walikaa mbele. Wanawake walisimama nyuma karibu na mawe makubwa, na hakuna aliyeimba.

Bwana Shauri alizungumza muda mrefu juu ya Kingi, yaani mfalme wao, juu ya adui mbaya, juu ya uhuru wa mataifa. Hilo neno la mwisho lilinipa shida kwa Kinyaturu, maana mbele yangu walikuwa wamekaa watu ambao jumbe wao huteuliwa na mgeni. Nikalisema nilivyoweza. Halafu Njiku akasimama.

"Bwana anataka ishirini," alisema. "Nitampa ishirini na mmoja. Wa kwanza ni mimi."

Nilichelewa kutafsiri. Bwana Shauri akageuka, akaninong'oneza, "Amesema nini?" Nikamwambia. Akaniambia nimuulize tena, na Njiku akarudia vile vile. Kisha akaeleza sababu zake mbele ya watu wote, kwa sauti ya kutosha kufika kule nyuma kwenye mawe. Alisema Kingi ni mtawala kama yeye, na nyumba ya Kingi inaungua. Alisema jumbe hawezi kuwatuma watoto wa watu mahali ambapo mwenyewe anaogopa kwenda. Alisema anataka dunia ijue kwamba Wanyaturu wana wanaume.

Bwana Shauri alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nafikiri siku hiyo kweli aliguswa.

Wiki nzima Singida ilizungumza habari hiyo, na kila mtu alikuwa na sababu yake. Mzee Jivan aliniambia huku akikunja shuka, "Yule anataka medali. Kifua kipana namna ile kimekaa kitupu." Wengine walisema amechoshwa na wake zake. Mwiru, ndugu yake wa baba mmoja, ambaye alikitamani kiti cha ujumbe tangu ujana, alisema Njiku ameona atashindwa kukusanya vijana, sasa anakimbia aibu.

Mimi niliwacheka wote, kwa sababu nilidhani najua. Nilikuwa nimesimama ofisini siku Njiku alipokuja kupatana na Bwana Shauri. Mwanzoni Bwana Shauri alimkatalia. Alimwambia umri umepita, na kwamba serikali inamhitaji hapa. Njiku akasema, kwa Kinyaturu, polepole, kwamba atakwenda, lakini ana mambo mawili. La kwanza, kiti chake kisikaliwe na Mwiru. Kishikwe na mzee mmoja wa baraza mpaka arudi, na asiporudi apewe mwanawe mkubwa, na jambo hilo liandikwe. La pili, vijana wake wote ishirini wawekwe kikosi kimoja naye.

Bwana Shauri akafikiri, akakubali la kwanza. Juu ya la pili alisema jeshi halipangwi na jumbe, lakini ataandika barua ya kuomba. Njiku akainama kidogo akatoka.

Alipotoka, Bwana Shauri aliniuliza kwa Kiingereza, "Huyu mtu kwa kweli anataka nini?" Nikamjibu kama nilivyofundishwa: "Bwana, mimi nasema alichokisema." Lakini moyoni nilijiona mjanja sana. Nilijiambia, kumbe ni kiti! Anakwenda vitani ili apate karatasi ya kumfungia ndugu yake mlango. Mambo ya Kingi na nyumba inayoungua ni mapambo tu.

Hapo ndipo nilipokosea vibaya kuliko kule kwenye kuhamishwa. Jambo la kwanza nililitafsiri kwa makini, neno kwa neno. La pili nililipitisha haraka haraka, kama mtu anayefagia. Nililisikia kwa masikio, nikalisema kwa mdomo, na sikujiuliza hata mara moja kwa nini mtu mzima atake kulala kambi moja na vijana ishirini wa kijijini kwake.

Siku ya kuondoka tulikuwa stesheni ya Singida asubuhi. Wakati huo palikuwa na reli inayokwenda Manyoni. Vijana walikuwa wamepanga mstari, wengine hawajawahi kuvaa viatu, wanavitazama miguuni kama vitu vilivyowauma. Njiku alisimama mwanzo wa mstari na kaptula ya jeshi iliyomwishia juu sana ya magoti. Hakuna aliyecheka. Bwana Shauri alikuwa hatua chache kutoka pale akizungumza na mkuu wa stesheni, na mimi nyuma ya bega lake.

Akatokea mama mmoja, ametembea kutoka Mtinko, vumbi mpaka magotini. Alikuwa Mama Mukhandi. Mukhandi ni mwanawe wa pekee, alikuwa wa nne kwenye mstari. Yule mama hakwenda kwa mwanawe. Alikwenda moja kwa moja kwa jumbe.

"Njiku," alisema.

Hivyo tu, kwa Kinyaturu, bila cheo.

"Naam, mama."

"Baba yako alimtoa mume wangu akabebe mizigo ya Mjerumani. Alisema Kaiza anamwita. Leo wewe unamtoa Mukhandi, unasema Kingi anamwita. Hawa wanaowaita watu wetu, kwao hawana watu?"

Nilidhani jumbe angekasirika. Alivua kofia ya jeshi.

"Mama, baba hakumwita mumeo," alisema. "Siku zile baba alikuwa anaumwa kifua, sauti haitoki. Aliyesimama mlangoni kwako akataja jina ni mimi. Nilikuwa kijana ninayeanza kuota ndevu. Nilipita nyumba kwa nyumba nikataja majina thelathini na moja. Walirudi wawili."

"Nakumbuka," yule mama alisema. "Nilikuwa namnyonyesha Mukhandi huyu huyu. Ulikuwa na sauti nzuri."

"Miaka yote hii nimejiambia nilikuwa mdomo tu, maneno yalikuwa ya baba. Haikunisaidia. Sasa nimeambiwa nitaje tena. Nikikataa watamweka Mwiru, naye atataja arobaini ili wampende. Nikitaja halafu nikabaki nyumbani, nitapitaje mlangoni kwako? Ndiyo maana nakwenda. Siwezi kukuahidi kwamba atarudi. Ninachoweza ni kwamba akilala kwenye tope, nitalala kwenye tope. Na akifa, nitajua amelazwa wapi, nami nitakuja kukwambia mwenyewe."

Vijana, nimesikia hotuba za magavana. Nimetafsiri wachungaji, mahakimu na wauaji. Sijawahi kusikia maneno yaliyonifanya nihisi ardhi imenyanyuka chini ya miguu yangu kama yale. Mtu huyu alikuwa amebeba jambo hili zaidi ya miaka ishirini, akalifunika kwa habari za Kingi ili Mwingereza amruhusu, na akalifunika tena kwa habari za kiti ili sisi wajanja tudhani tumemgundua. Na lile neno lake, mdomo tu, lilinichoma mimi. Mwezi ule nilikuwa nimesimama kwenye mabaraza sita nikiwaita vijana kwa sauti yangu, na kila jioni nilikula ugali wangu nikijua maneno yalikuwa ya Bwana Shauri.

Bwana Shauri alikuwa ameona watu wamenyamaza. Akageuka. "Anasema nini yule mama?" aliniuliza.

Nilijua kazi yangu. Nilijua pia kwamba nikiyasema yote kama yalivyo, mama yule angeitwa mchochezi, na barua ya kikosi kimoja ingechanwa palepale stesheni, na Mwiru angekalia kiti kabla ya mchana. Koo langu likapanda likashuka.

"Anamuaga mwanawe, Bwana," nikasema. "Anamwombea safari njema."

Njiku alikisikia Kiingereza changu. Alikuwa hajui lugha hiyo, lakini alijua maneno yangu yalikuwa mafupi mno kuliko ya yule mama. Alinitazama mara moja, akavaa kofia. Mama Mukhandi akaenda kwa mwanawe, akamrekebisha ukosi wa shati, na hakulia mpaka gari la moshi lilipopita mawe ya mwisho na hatukuliona tena.

Nilikwenda kwa Mzee Feruzi nikaungama kama mwizi. Nilimwambia nimepunguza chumvi yote, nimebakiza maji. Alinisikiliza kwa lile sikio zima, akauliza, "Mara ngapi?"

"Mara moja, mzee."

"Mimi mara nne," alisema. "Tatu kwa Wajerumani." Kisha akaniuliza kama mke wangu hajambo, na habari hiyo hatukuirudia mpaka alipokufa.

Walipelekwa Bama, yaani Burma, ng'ambo ya bahari, kwenye misitu ya mvua. Barua ilisaidia, au Mungu alisaidia, maana karibu wote waliwekwa pamoja. Njiku aliandikisha barua mara chache, na zote zilikuwa na majina tu: fulani mzima, fulani ana homa, fulani anawasalimu. Wake zake walilalamika kwamba habari zake mwenyewe hazimo.

Vita vilipokwisha walirudi kumi na wanne, na yeye. Nilimwona akishuka kwenye behewa, nikamwamkia, "Shikamoo, Jumbe," akaitika marahaba kwa sauti ya mtu mwingine. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na sikio la kulia mabomu yalikuwa yameliua. Bwana Shauri aliandaa sherehe mbele ya boma, bendera zikatundikwa, Njiku akabandikwa medali kifuani. Mzee Jivan alinigusa kiwiko, akasema, "Nilikwambia." Halafu Bwana Shauri akamwomba aseme neno.

"Nilikwenda kwa sababu Kingi aliniita," Njiku alisema. "Nimerudi."

Nikatafsiri. Hapakuwa na la kuongeza wala kupunguza. Watu wakapiga makofi.

Baada ya hapo aliniombea ruhusa ya siku tatu kwa Bwana Shauri, akisema kuna barua za Kiingereza za kusomewa wafiwa. Hakuwa amefika bado nyumbani kwake. Wake zake walikuwa wamepika na kusubiri, naye akatuma mtu kuwaambia kwamba anazo nyumba sita za kupitia kwanza.

Tulitembea. Njiani nilipata ujasiri, nikamuuliza, "Jumbe, ile sababu uliyomwambia Mama Mukhandi stesheni, ndiyo yenyewe?"

"Na kiti pia," alisema. "Usinifanye malaika, mwanangu. Kama Mwiru asingekuwepo, labda ningetafuta njia nyingine ya kulipa, yenye tope kidogo. Na nilipokuwa kule, kuna siku nilipenda kupigiwa saluti. Mtu hafanyi jambo kubwa namna hii kwa sababu moja. Zilikuwa kama kundi la ng'ombe, zote zilitembea pamoja. Ila najua iliyokuwa mbele."

Barua zote sita zilisema jambo moja: marehemu alikufa papo hapo, kwa ujasiri, bila maumivu. Kila nyumba Njiku aliniambia, "Soma yao kwanza. Wana haki ya kuisikia." Nikisha kusoma, alianza yeye. Alieleza mahali, mto gani uko karibu, mti gani uliopo, kaburi linaelekea wapi, nani alichimba. Palipokuwa na ujasiri aliusema. Palipokuwa na hofu aliisema pia, taratibu, bila kumvunjia marehemu heshima. Nyumba ya tatu baba wa kijana alitufukuza kwa fimbo. Njiku alikaa nje ya tembe lile kwenye jua mpaka alasiri, mzee akatoka tena na kusema, "Haya, endelea."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Mukhandi. Alikuwa anatwanga. Alitutazama sisi wawili, akahesabu, hakumwona wa tatu, akaendelea kutwanga. Nilisoma barua nikishindana na sauti ya mchi. Papo hapo, ujasiri, bila maumivu.

"Hiyo si kweli, mama," Njiku alisema. "Aliumwa tumbo la kuhara. Siku nne. Tulikuwa kwenye mvua, daktari hakuweza kutufikia. Nilikuwa namwosha mimi."

Mchi ukasimama.

"Alisema nini?"

"Siku ya kwanza alitukana jeshi lote. Siku ya pili alikuulizia. Siku ya tatu alitaka maziwa mgando, na hatukuwa nayo. Siku ya nne hakusema kitu. Nilimshika mpaka alipopoa. Amelala kwenye mwinuko, maji hayafiki. Niliweka mawe mwenyewe, mengi, kama tunavyoweka sisi."

Mama Mukhandi aliuliza tena habari ya mawe, ukubwa wake, na yalitoka wapi, naye akamjibu yote. Aliuliza kama mwanawe alikuwa amekonda. Njiku akasema ndiyo, sana. Halafu kuku wakaja kuokota uwele uliomwagika chini, na hakuna aliyewafukuza.

Yule mama akainuka, akaingia ndani. Nilidhani ndiyo basi, ametuaga. Alirudi na kibuyu. Ndani yake mlikuwa na maziwa mgando, mazito, ya siku nyingi. Alipiga magoti mbele ya Njiku, jambo ambalo stesheni hakulifanya, akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa," alimwambia. "Umetoka mbali."

Alikunywa yote, polepole, machozi yakimwingia mdomoni pamoja na maziwa. Mimi nilikunja barua nikaiweka juu ya jiwe.